Njia za viti mwendo zipimwe kabla ya kuchimba msingi

Mhariri,

Zahanati, madarasa na ofisi za kata zinazojengwa Iringa na Mbeya siku hizi nyingi zina njia mteremko kwa ajili ya viti mwendo. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataka hivyo, na ni jambo jema. Ila njia nyingine zipo kwa ajili ya picha ya makabidhiano tu, hazipandiki.

Kosa huanzia kwenye mpangilio wa kazi. Fundi anamaliza ngazi, ndipo anaulizwa njia ya walemavu iko wapi, naye anaibana kwenye nafasi iliyobaki kati ya ukuta na mtaro. Kipimo kinachokubalika ni 1 kwa 12: kila sentimita 1 ya kimo idai sentimita 12 za urefu. Ngazi tatu za sentimita 15 ni kimo cha sentimita 45, kwa hiyo njia iwe na mita 5.4. Ukiibana ikawa mita 2, anayejisukuma kwa mikono atanyanyuka magurudumu ya mbele na kuanguka kichogo. Anayesukumwa naye hana nafuu, maana wakati wa kushuka kiti ndicho kinachomburuta msukumaji. Kimo kikizidi sentimita 75, katikati pawekwe sehemu tambarare ya mita 1.5 ya kupumzikia, na nyingine kama hiyo juu mbele ya mlango. Bila hiyo ya juu, mtu atafunguaje mlango huku kiti kinarudi nyuma?

Kukagua hakuhitaji mhandisi. Chukua ubao ulionyooka wa sentimita 120, uweke juu ya mteremko, nyanyua ncha ya chini mpaka pimamaji iliyolazwa juu yake ikae sawa, kisha pima uwazi ulio chini ya ncha hiyo. Ukizidi sentimita 10, njia ni kali mno.

Watasema nchi yetu ni ya milima, mita 5 zitatoka wapi. Mlima huohuo ndio unaosaidia. Kiwanja kikiwa na mteremko, msingi hunyanyuka upande wa bondeni, na upande wa juu sakafu hukaribiana na ardhi. Desturi ni kuweka mlango mkubwa bondeni kwa sababu barabara iko huko, halafu ngazi zinarundikwa. Ukiweka lango upande wa juu, unabakiwa na kimo cha sentimita chache, na njia fupi ya zege inatosha. Uamuzi huo unafanyika kwenye ramani. Jengo likishapakwa rangi, umechelewa.

Halafu niru, ile saruji laini ya kung'arisha sakafu. Fundi akitaka kazi ing'ae, anaipiga niru mpaka njia. Kuanzia Novemba hadi Aprili mvua ikinyesha, magongo yanateleza hapo hata kama mteremko ni sahihi. Zege likiwa bado bichi, livutwe ufagio mgumu kwa kukatisha njia, mikwaruzo ibaki. Marumaru za ndani zisitoke nje kabisa. Pembeni pawe na ukingo wa sentimita 10 ili gurudumu lisichomoke.

Mtaro nao. Mifuniko ya chuma huishia kwenye vyuma chakavu, ndiyo maana vivuko vingi viko wazi. Afadhali vipande vya zege lenye nondo: kwa mtaro wa upana wa sentimita 40, kipande cha sentimita 60 kwa 45, unene 10, kina uzito wa kilo 65 hivi na watu wawili wanakiinua. Kikiwa kizito zaidi, wasafisha mitaro watakivunja kwa nyundo, na hatuwezi kuwalaumu. Mwanya kati ya vipande usizidi sentimita 1.3, zaidi ya hapo fimbo nyeupe ya asiyeona inazama.

Vyoo ni kwa ufupi: mlango ufunguke kwa nje, upana wake usipungue sentimita 90, ndani kiti kiweze kugeuka, yaani mita 1.5 kila upande. Na choo hicho kisiwe stoo ya ndoo na mafagio, ufunguo kwa mlinzi aliyekwenda kula.

Tunaomba wahandisi wa halmashauri wasitoe kibali cha ujenzi kwa ramani isiyoonyesha kimo cha sakafu kutoka ardhini na urefu wa njia mteremko, vyote kwa tarakimu. Mstari mmoja wenye neno "njia ya walemavu" bila vipimo urudishwe kwa mchoraji.

Mafundi ujenzi,
Kihesa, Iringa