Kuhusu ile bahati ya Lola

Mwanangu mpenzi,

Nakuandikia Kiswahili makusudi, Lola, bibi yako, asije akaisoma.

Uliniuliza kwa nini anakuita bahati ya nyumba. Hapa Ufilipino wako wengi wanaoamini kwamba mtoto mwenye ulemavu huwaletea wenziwe riziki. Daktari alipotamka mtindio wa ubongo, Lola hakuanza na hilo. Alinihoji kwanza nilitamani nini nikiwa na mimba yako, maana kwao tamaa za mja mzito humwachia mtoto alama. Kisha akaogopa gaba: labda kuna mtu wa ukoo aliyewahi kumcheka kilema, na sasa deni linalipwa. Mwisho akaenda kanisani, akarudi na habari ya bahati. Ilimtuliza, nami nikashukuru. Kwetu Mombasa nilizijua nyumba ambazo mtoto kama wewe alifungiwa chumbani wageni wakija.

Lakini mimi siipendi bahati hiyo. Kakako anafua, wewe unaambiwa upumzike. Wajomba wanakuomba uwachagulie nambari za bahati nasibu! Unapendwa mno, ila hutumwi.

Babako alipita njia nyingine. Pesa za mazoezi ya viungo alizituma kutoka melini bila kukosa, lakini kile kitambulisho cha ulemavu, chenye punguzo la asilimia 20 kwa dawa na nauli, hakutaka hata kukisikia. Kukichukua kulikuwa kama kutia sahihi kwamba ni kweli. Miaka ikapita, hadi wewe mwenyewe ukamwambia kwenye simu kwamba unataka kupanda jipni, matatu za huku, kwa nauli yako halali, kiti cha mbele. Alipokuja likizo alikwenda ofisi ya mji, akaijaza fomu kwa mkono wake, na penye aina ya ulemavu akaandika kwa herufi kubwa.

Shuleni watakusomesha Apolinario Mabini, yule wa sarafu ya peso 10, aliyekuwa waziri mkuu mwaka 1899 huku miguu imepooza. Wewe uliza zaidi alivyofanya kazi. Aliandika rasimu ya katiba na barua, hakukalishwa pembeni kama hirizi.

Basi kuanzia Jumamosi wali ni wako. Babako ameishusha meza ya jikoni ilingane na kiti chako. Lola atalia, mwache alie, ila sufuria usimpe. Na mchele uoshe maji mawili tu, ukizidisha atakusema wiki nzima.

Mamako