Nairuzi Njema, Hata kwa Mnaoingoja Julai

Assalaam alaykum ndugu, jamaa na marafiki,

Nairuzi njema, yaani mwaka mpya wa Waajemi, watu wa Iran; pwani yetu nayo ina wake wa jina hilo hilo, tunaouita pia Siku ya Mwaka. Najua wapo watakaonijibu kama kila Machi: "We mwana, Mwaka ni Julai, una haraka gani?" Bibi yangu wa Makunduchi, kusini mwa Unguja, naye angesema hivyo hivyo. Kwake Siku ya Mwaka ni ile ya kuoga alfajiri, wanaume kuchapana kwa vigogo vya mgomba, kibanda kuchomwa moto, na wali kuliwa mpaka jioni. Mimi pia nilikuwa nalijua jina tu, hadi Machi 2017 nilipokwenda Iran kwa rafiki niliyesoma naye Kuala Lumpur, nikaikuta Nairuzi kwa wenyewe.

Kwanza tumalize ubishi wa tarehe. Nairuzi ya pwani yetu ina siku 365 kavu: makumi 36, juu yake siku tano za kujazia. Haina mwaka mrefu, kwa hiyo kila miaka minne inarudi nyuma siku moja. Ndiyo maana wazee wa karne ya 19 waliipata Agosti na sisi tunaipata Julai. Hiyo ni hesabu ya kale ya Waajemi, iliyofika kwetu na majahazi, na mabaharia na wakulima wetu wakaitumia kujua majira ya pepo za kaskazi na kusi. Wenyewe kule waliitengeneza upya mwaka 1079, Omar Khayyam akiwa mmoja wa wanajimu waliopewa kazi hiyo, wakaifunga kwenye siku ya masika yao ambayo usiku na mchana hulingana. Kwa hiyo bibi hakukosea. Hesabu ya zamani anayo yeye.

Nilifika Tehran siku mbili kabla ya Jumanne ya mwisho ya mwaka wao. Jioni ile watu huwasha vijimoto vichochoroni na kuviruka, huku wakiuambia moto: umanjano wangu chukua wewe, wekundu wako nipe mimi. Umanjano ni maradhi na unyonge. Niliruka mara tatu, baibui nimelikusanya mkononi, nikiwaza kibanda cha Makunduchi. Fataki lakini sikuzipenda. Vijana wanalipua vitu vya kutisha, na kila mwaka kuna wanaoishia hospitali.

Jambo jingine lilinikwama kooni. Kwenye taa za barabarani alikuwapo mtu wa nguo nyekundu, anapiga dufu na kucheza, uso kaupaka masizi. Huyo ni Haji Firuz, mleta habari za Nairuzi. Wengine wanasema weusi ule ni moshi wa moto wa zamani, wengine wanaukumbuka utumwa wa Waafrika kwenye Ghuba, na katika wimbo wake anamwita mtu "bwana wangu". Aliponiona mimi, na weusi wangu wa kuzaliwa, dufu likanyamaza kidogo. Akatabasamu, nikatabasamu, taa ikawaka kijani. Rafiki yangu aliomba radhi njia nzima. Nilimwambia hana kosa, lakini sikumwambia kwamba sikuumia.

Tukashuka Shiraz, mji wa kusini mwa Iran, kwa mama yake. Nilipomweleza kuwa kwetu wapo wazee wanaojiita Washirazi, alicheka mpaka akakaa chini, kisha akawapigia simu dada zake wote: "Ndugu yetu amerudi!" Wanahistoria wanabishana juu ya nasaba hiyo, nami sikwenda na cheti. Chakula nilikula cha ndugu.

Nyumba ilikuwa imepinduliwa. Usafi wa kabla ya Nairuzi wanauita kukung'uta nyumba, na kweli wanaikung'uta: mazulia yameoshwa, mapazia yameshushwa, kabati limetapika vyombo vyote. Mezani wakapanga sini saba, vitu vinavyoanza na herufi sini: sabze, ngano iliyooteshwa kwenye sahani, samanu, uji mzito mtamu wa ngano iliyochipua, senjed, tunda kavu mfano wa tende ndogo, sir, sib, somaq na serke, yaani kitunguu saumu, tofaa, sumaki ya kiungo na siki. Pembeni kioo, mishumaa, mayai ya rangi, samaki mwekundu kwenye bakuli, na Msahafu. Nikajaribu sini za Kiswahili: siki tunayo, saumu tunayo, sarafu, samaki, sukari, samli. Mama mwenye nyumba akauliza ya saba. Nikasema sambusa. Ikapita.

Mwaka wao hauingii usiku wa manane. Unaingia dakika ile jua linapovuka mstari wa ikweta, iwe alfajiri au usiku. Mwaka ule ilikuwa tarehe 20 Machi, saa 7:58 mchana na sekunde 40, na kwetu Zanzibar saa 7:28. Familia nzima ilikaa kuzunguka meza, kimya, macho kwenye televisheni, na mimi katikati yao. Ikasomwa dua ambayo mtoto yeyote wa chuoni kwetu angeifuatilia: Ya Muqallibal-qulub, ewe Mwenye kugeuza nyoyo, igeuze hali yetu iwe hali iliyo bora. Mzinga ukalia, watu wakabusiana. Mama akaufungua Msahafu, akaanza kugawa noti mpya alizozihifadhi ndani yake, mkubwa hadi mdogo. Nilikuwa na miaka 34, mama wa watoto wawili, na nikapewa mkono wa Idi kama mtoto. Ile noti sijaitumia mpaka leo.

Mkienda, nendeni na fedha taslimu. Kadi za benki zetu hazifanyi kazi kule kwa sababu ya vikwazo, na siku za mwanzo benki zimefungwa, maduka ya kubadilisha fedha yamefungwa, soko kimya. Mabasi yamejaa nchi nzima, familia zimepiga mahema kwenye bustani za mijini, birika la chai juu ya jiko la gesi. Mwenye duka akikataa pesa yako ni adabu tu, usiondoke na bidhaa. Mimi niliondoka na pistashio nusu kilo, ikabidi rafiki yangu arudi kulipa.

Siku ya 13 hakuna anayebaki ndani. Tulikwenda mandari kando ya mto, ile ngano iliyoota ikatupwa kwenye maji yanayokwenda, na wasichana wakafunga mafundo ya majani wakiomba waume. Hiyo ni kalenda ya jua. Ile ya mwezi inakwenda njia yake, na siku nyingine zinagongana. Mwaka 2024 Nairuzi iliwakuta kwenye Ramadhani, wali wa majani na samaki ukangoja magharibi, na siku yenyewe ya mandari ikaangukia Ramadhani 21, siku ya kuuawa Imamu Ali, ambayo kwao ni msiba mkubwa. Nilimuuliza rafiki yangu wamefanyaje. Akaandika: "Mama amevaa nyeusi. Ngano ameipeleka mtoni jioni, peke yake."

Makunduchi wanaamini nyumba isiyopata mgeni Siku ya Mwaka ina mkosi. Shiraz sikusikia imani hiyo ikisemwa, ila siku zote 13 mlango ule haukukaa umefungwa hata saa moja.

Nimeshaotesha ngano, iko dirishani, imefika kidole. Mlio Dar, njooni Jumapili mchana. Samaki yupo, siki ipo. Kila atakayekuja aje na kitu kinachoanza na S, na sambusa nimeshazichukua mimi.

Nairuzi njema, na Mwaka mwema ukifika.