Usiondoke bila kuwaaga

Mwanangu mpendwa,

Tangu tulipokata simu Jumatatu sijatulia. Ulisema mengi mazuri, mengine nimeyaandika nyuma ya kalenda nisije nikayasahau, lakini lililonibaki kichwani ni lile ulilolitupa mwishoni kama si kitu: kwamba zimebaki siku 12 umalize misheni yako ya kanisa letu la Watakatifu wa Siku za Mwisho, hutaki vilio, Jumapili utawaambia watu "tutaonana" kama kawaida, kisha utawaandikia ukishafika nyumbani. Baba yako alikuwa pembeni anaitikia tu. Mimi nikanyamaza kwa sababu mwenzi wako, dada mmisionari unayeishi na kufundisha naye, alikuwa amekaa karibu nawe, na sikutaka kukusema mbele yake. Sasa nasema.

Usiondoke hivyo. Nakuomba.

Nimehesabu kwenye kalenda. Miezi 18, uhamisho kila baada ya wiki 6, na wewe umepita maeneo manne. Kila ulipohama niliuliza mliagana vipi, ukajibu kwamba mliambiwa Jumamosi na Jumatano mko barabarani. Nikakubali. Halafu ukanisimulia habari za yule bibi wa eneo la pili, yule aliyekuwa akikukatiza katikati ya somo asahihishe matamshi yako mpaka ulimi ukanyooka. Ulihama. Jumapili iliyofuata akaja kanisani na kitambaa alichokufumia, kimekunjwa ndani ya mfuko wa nailoni, akaketi safu ileile mliyozoea, akaona dada mwingine amevaa beji kama yako. Dada huyo alikwambia kwamba bibi alikaa na ule mfuko mapajani mpaka wimbo wa mwisho, akainuka, akarudi nao nyumbani. Ulinisimulia kama kichekesho. Mimi sikucheka. Mpaka leo namwona na ule mfuko.

Basi huyo ndiye wa kwanza. Najua huwezi kujiendea tu katika eneo ambalo si lako, kwa hiyo mwombe Rais wa Misheni, anayewasimamia huko, ruhusa, hata kama ni ya kupiga simu. Akikataa, muulize tena kwa adabu. Na umwambie bibi kwamba habari za kitambaa zilikufikia.

Utaniambia una kazi mpaka siku ya mwisho. Najua, na ninajivunia hilo kuliko ninavyojua kulisema. Lakini fungua Matendo ya Mitume, sura ya 20. Paulo alikuwa na haraka kuliko wewe, alitaka kufika Yerusalemu kabla ya Pentekoste, ndiyo maana hata Efeso aliipita kwa merikebu. Hata hivyo alipofika Mileto akatuma watu waende kuwaita wazee wa kanisa la Efeso, na si mwendo wa karibu. Alikuwa amekaa nao miaka 3. Wakapiga magoti, wakasali, wakamwangukia shingoni wakilia. Kilichowaumiza zaidi ni kwamba aliwaambia wazi hawatamwona uso tena. Angeweza kuwaambia tutaonana. Hakusema.

Hilo la kutokusema nalo nataka ulishike. Usimwambie mtu "nitarudi" kama hujui. Wale watoto wa ile familia uliyoifundisha mpaka ikabatizwa watakushika sketi na kukuuliza unarudi lini, na wewe moyo wako mwepesi, utajikuta umetaja hata mwezi. Mtoto huweka hesabu. Waambie unakwenda nyumbani kwa mama yako na hujui kama mtaonana tena, waache walie, na wewe lia nao. Hakuna aliyewahi kufa kwa kulia kanisani.

Na wale waliokataa. Hawa ndio nawafikiria usiku. Yule baba aliyesoma nanyi miezi mitatu kisha akawaambia msirudi tena, ulimwandika sana katika barua pepe zako, halafu siku moja akapotea kabisa. Nenda kamgongee mlango. Usibebe kitabu, usimwulize kama ameomba. Mwambie tu umekuja kumuaga kwa sababu alikukaribisha nyumbani kwake. Akifunga mlango, umeshaaga. Sitaki abaki anafikiri kwamba ulimpenda kwa ajili ya ubatizo.

(Barua pepe zako, kwa kuwa nimezitaja: mwaka wa kwanza nilikuwa nasoma kurasa mbili, siku hizi mistari minne na picha. Nashukuru kwamba tangu Februari 2019 wamisionari wanaruhusiwa kupiga simu nyumbani kila wiki, akina mama wa zamani walisikia sauti ya mtoto mara mbili kwa mwaka. Lakini simu haikai kwenye droo. Barua ninayo naisoma tena. Ulipaswa kuniandikia zaidi.)

Namba na anwani zao ziandike kwa mkono kwenye daftari. Simu ya misheni utairudisha, na vilivyomo vitabaki huko. Ukiwa na vitu vya kuacha, usimpe mmoja mbele ya wenzake. Peleka nyumbani kwa mtu, kimya. Viatu vile vilivyokwisha kisigino usimwachie mtu yeyote, tupa.

Mwenzi wako usimsahau kwa kumzoea. Wewe utapanda ndege, umechoka, una watu wanaokungoja. Yeye atarudi kwenye chumba kile na kukuta kitanda kimoja hakina shuka. Hata kama ana mwenzi mwingine jioni ileile, atalala akikitazama. Mwandikie karatasi, iweke mahali atakapoiona baadaye, chini ya mto wake au ndani ya kitabu anachokisoma asubuhi. Mlikosana mwezi ule wa kwanza, na ulivyonieleza, kosa lilikuwa lako kwa sehemu kubwa. Andika na hilo.

Labda unashangaa kwa nini nashikilia jambo moja hivi. Nilipokuwa msichana nilimchukia Labani. Yakobo alipotoroka na wake zake na watoto, Labani akawafuata mwendo wa siku 7, na katika malalamiko yake yote lilikuwemo hili, kwamba hakupewa nafasi ya kuwabusu wanawe na binti zake. Mlaghai yule, aliyemzungusha mkwe wake miaka 20. Lakini hapo alisema kweli, na siku hizi nikifika kwenye mstari huo nakwama.

Hili la kuondoka kimya hukuzaliwa nalo. Tulipoiacha ile nyumba alfajiri, taa zimezimwa, mimi ndiye niliyekushika mkono na kukwambia kwamba rafiki yako utamwona Jumapili. Ulikuwa na miaka 8. Deni la kodi halikuwa lako wala lake. Sikukutafutia anwani yake hata baadaye nilipoweza. Basi, unajua.

Na ile asubuhi ya safari yako, vile vyombo nilivyokuwa naosha vilikuwa safi. Baba yako aliniambia uligeuka mara mbili pale getini.

Tuendelee. Mpaka Rais wa Kigingi, kiongozi wa kanisa letu huku nyumbani, akupumzishe utumishi wako, wewe bado mmisionari, kwa hiyo njiani na mpaka hapo beji isitoke, hata ukiwa umechoka, hata ukisubiri ndege ya pili peke yako saa nyingi. Akishakupumzisha, ile beji utaivua mwenyewe na hutajua mkono uuweke wapi. Nimewaona akina dada wa kata yetu ya kanisa waliorudi misheni wanagusa kifua wiki nzima pasipo kitu. Miezi 18 hujakaa chumbani peke yako hata saa moja, sasa utalala peke yako. Usiku wa kwanza mlango wangu utakuwa wazi. Ukitaka kuja kulala sakafuni kama zamani, godoro dogo nimelianika.

Jumapili ya kwanza utaombwa uzungumze kwenye mkutano wa sakramenti. Paulo na Barnaba waliporudi Antiokia, kule walikotoka, walilikusanya kanisa wakaeleza yote Mungu aliyoyafanya pamoja nao, kwa hiyo na sisi tutakaa tukusikilize. Usitupe hesabu ya waliobatizwa. Tueleze watu. Sasa utamweleza vipi mtu ambaye uliondoka kwake bila neno? Unaona narudi palepale.

Sijui kama nimewahi kukwambia kwamba nami nilitaka kwenda misheni. Wakati wangu dada alisubiri mpaka miaka 21, na nilipofika 21 nilikuwa na wewe tumboni. Umri uliposhushwa mpaka 19 mwaka 2012 nilishangilia kanisani kuliko wasichana wenyewe, baba yako akanivuta nguo. Siku ulipoomba kwenye simu kwa lugha ya huko, ukasahau kwamba sisi hatuielewi, ukaendelea mpaka amina, niliitikia amina pasipo kujua nimeitikia nini. Nimewasimulia watu wote. Wengine wananikwepa sasa.

Mdogo wako amehamia chumbani kwako. Nimempa siku 5 aondoke, ameondoa vitabu, amebakiza kila kingine. Droo ya chini usiifungue kwa nguvu, reli imetoka upande mmoja na fundi ameahidi mara tatu. Kitasa cha mlango nacho kimelegea, ukisukuma kwa bega kinakubali. Goti la baba yako linamsumbua akipanda ngazi, lakini mbele yako atajifanya mzima, kwa hiyo usimpe begi kubwa hata akilinyang'anya. Sweta la bluu uliloniambia limetoboka kiwiko, lilete hivyohivyo, nitaliziba. Hata Paulo alimwagiza Timotheo amletee joho aliloliacha Troa, na yeye alikuwa mtume.

Jumatatu ijayo ukipiga simu, kabla hujaniuliza habari za nyumbani, nitajie majina ya uliowaaga. Moja moja. Nitakuwa na kalamu.

Ndege yako inatua jioni. Baba yako anasema nisijisumbue, kwamba yeye na mdogo wako wanatosha kukupokea. Nimemwambia vyombo vitasubiri. Tafuta gauni la kijani pale abiria wanapotokea, upande wa kushoto, karibu na nguzo.

Mama yako