Watunzi wa simulizi za majini, hazina yenu iko bure

Mhariri,

Wasomaji wa simulizi za kwenye simu wanaijua hali hii. Sehemu ya 1 hadi ya 15 zinasomwa kwa pupa: binti amempenda kijana asiyejulikana kwao, kuna maiti kisimani, kila usiku nyumba inanuka udi na hakuna aliyefukiza. Watu wana arosto, wanaandika "tupia nyingine" saa nane za usiku. Ikifika sehemu ya 40 kila kitu kimevurugika. Aliyekufa amefufuka, jini ana uwezo mpya kila Jumatatu, na muuaji anajulikana kwa sababu tu mganga ameota ndoto.

Tatizo si vipaji. Watunzi wengi wamemchukua mnyonya damu wa filamu za Ulaya, wakamvisha kanzu na kumwita jini. Majini na pepo wa pwani wana taratibu zao, na taratibu hizo ndizo zinazoweza kulishika fumbo lisimwagike. Zimeandikwa kwa Kiswahili tangu zaidi ya miaka 100 iliyopita, na vitabu vyenyewe vinasomwa bure mtandaoni.

Cha kwanza ni Swahili Tales, hadithi zilizokusanywa Zanzibar na Askofu Edward Steere na kuchapishwa London mwaka 1870. Kimo Internet Archive, yaani archive.org, maktaba ya bure ya mtandaoni. Aanzaye aifungue hadithi ya Sultani Darai. Hamdani, maskini anayechakura jaani kutafuta punje za mtama, anaokota themuni, sarafu ndogo, na kununua paa. Paa anakwenda kwa sultani wa mbali kumposea bwana wake, akidai bwana huyo ni Sultani Darai. Msomaji anaujua uongo huo, bibi harusi haujui. Tena nyumba atakayoletwa bibi harusi ni ya nyoka mwenye vichwa saba, na paa lazima amuue kwanza. Mwishoni Hamdani anamdharau paa mgonjwa, paa anakufa na kutupwa kisimani, na usiku mke anaota yuko kwao, mume anaota yuko jaani. Wanapoamka, kila mmoja yuko alikojiota. Mapenzi, siri, nyumba ya kutisha na adhabu, vyote vimo, na hakuna hata tukio moja lisilotokana na lililotangulia.

Namna ya kukipakua ina mitego. Faili la PDF la kitabu kama hiki huweza kula makumi ya megabaiti; upande wa kupakua chagueni "Full Text", ambalo kwa kitabu cha kurasa 500 hivi huwa halizidi sana megabaiti moja. Lakini maandishi hayo yamesomwa na mashine, nayo hukosea: "m" hugeuka "rn", na herufi "l" hugeuka tarakimu 1. Kubwa zaidi, Steere aliweka Kiswahili ukurasa mmoja na Kiingereza ukurasa unaoukabili, kwa hiyo kwenye faili sentensi hukatika katikati, Kiingereza kikaingia, kisha Kiswahili kikaendelea. Fungueni picha za kurasa pembeni mkilinganisha. Na mkitafuta neno ndani ya kitabu, tumieni tahajia ya zamani: "killa" badala ya kila, "hatta" badala ya hata. Wengi huandika "kila", wasipate kitu, wakadhani kitabu hakifai.

Cha pili kina faida kubwa zaidi kwa watunzi wa majini: Desturi za Wasuaheli, kilichochapishwa Göttingen mwaka 1903. Sehemu yake kubwa ni kazi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ila jina lililo mbele ni la Mjerumani Carl Velten. Ukitafuta kwa jina la Mtoro huenda usikione. Andika "Velten Suaheli", kwa tahajia hiyohiyo ya Kijerumani. Humo mna habari za pepo na ngoma zao kutoka kwa mtu aliyekulia katika mila hizo. Ukikutana na neno gumu, kamusi ya Krapf ya mwaka 1882 na ya Madan ya mwaka 1903 zimo pia archive.org. Humo ndimo utakapojua kwamba dungumaro ni pepo, na pia ni ngoma ya kumtolea pepo huyo.

Hapo kwenye ngoma ndipo pana jambo ambalo watunzi wetu wanalikanyaga bila kuliona. Kupunga pepo ni upelelezi. Mwele, yaani mgonjwa, anafukizwa, anapigiwa ngoma, na ngoma isiyo ya pepo wake haimpandishi kichwani. Fundi anajaribu hii, anajaribu ile. Pepo akipanda, anahojiwa: jina lako nani, umetoka wapi, umeingia kwa mtu huyu kwa sababu gani, unataka nini? Kila pepo ana nguo yake, manukato yake na vitu vyake vya kutiwa kwenye chano. Kibuki, mwenye asili ya Bukini, yaani Madagaska, hatakubali anachokubali pepo wa Kiarabu. Basi mtunzi tayari ana mhojaji, shahidi anayesema kwa kinywa cha mtu mwingine, na ushahidi wa kushikika. Ngoma isiyojibiwa ni dalili. Kitambaa cha rangi isiyo ya pepo anayedaiwa kumpanda mwele kinatosha kumfichua mtu anayejifanya amepandwa. Hiyo peke yake ni simulizi nzima.

Wala si lazima jini awe wa kweli mwishoni. Muhammed Said Abdulla alilionyesha hili katika Mzimu wa Watu wa Kale, kilichotoka mwaka 1960. Watu wanauogopa mzimu, lakini Bwana Msa, mpelelezi wa hadithi hiyo, anauliza maswali. Mwandishi huyo alifariki mwaka 1991, hivyo haki za kazi zake bado zinalindwa. Kinunuliwe au kiazimwe maktaba. Picha za kurasa zinazozungushwa kwenye makundi ni wizi.

Sasa upangaji. Kwa simulizi ya sehemu 30, kila moja maneno 800 hadi 1,000, andika mwisho kwanza. Ndani ya sehemu tatu za mwanzo msomaji ajue mambo mawili ambayo jini anaweza na matatu asiyoweza, na baada ya hapo usimwongezee uwezo. Muuaji aonekane, kwa jina, kabla ya sehemu ya 6. Dalili ziwe tatu, tuseme katika sehemu ya 6, ya 12 na ya 19, na kila moja iwe na maelezo mawili yanayowezekana: alama ya kwato mchangani yaweza kuwa ya yule mrembo wa barabarani anayesimuliwa kila mji wa pwani, au ya punda wa jirani. Mpenzi aujue ukweli kuhusu mwenziwe kwenye sehemu ya 22 hivi. Watunzi wengi wanaiweka siri hiyo hadi ya 30, wakati utamu ni kumwona akiamua kubaki au kuondoka huku akijua. Jini mahaba anayemlazimisha binti kila usiku kisha akaitwa mpenzi ni kosa la pili. Huo ni unyanyasaji, na msomaji akishauona hivyo hawezi tena kuwaombea heri.

Uwe na daftari lenye safu nne: namba ya sehemu, siku na saa ndani ya hadithi, nani amejua nini, na kitu gani kimefichwa wapi. Bila daftari hilo, kisu kilichozikwa sehemu ya 9 kitakutwa mezani sehemu ya 17. Kinachovuruga zaidi ni malipo. Kumi za kwanza bure, zinazofuata kwa kulipia, kwa hiyo mtunzi anarefusha na "msimu wa pili" unazaliwa bila mpango. Tangaza idadi ya sehemu siku ya kwanza, na ukitaka kuendelea, anza fumbo jipya na maiti mpya.

Mhariri, ukurasa wenu wa hadithi unaweza kusaidia kwa mambo mawili yasiyo na gharama kubwa. Chapisheni juu ya kila simulizi "sehemu ya 4 kati ya 30", na kila mwezi toeni hadithi moja ya Steere kwa tahajia ya leo, mkianza na Sultani Darai.

Mpenzi wa simulizi,
Tanga