Barua ya wazi kwa Ofisa Elimu: mtoto anayetafuna kola hapakwi pilipili

Ndugu Ofisa Elimu, Tanga,

Kwa heshima zote, tunakuandikia hadharani kwa kuwa barua tulizoleta ofisini hazijajibiwa. Wiki iliyopita, katika shule moja ya msingi hapa mjini, mtoto mwenye usonji (tofauti ya ukuaji wa ubongo, kwa Kiingereza autism) alipakwa pilipili kwenye kola ya shati ili aache kuitafuna. Akaishika kola, akafikicha macho. Siku ile hakusoma chochote.

Kutafuna huko si utundu. Misuli na maungio ya taya yakipata mkandamizo, watoto wengi wa namna hii hutulia na kuweza kusikiliza. Ukimnyima kola, haja inabaki pale pale. Atahamia kwenye penseli, ufutio au kokoto za uwanjani.

Apewe kitu salama cha kutafuna. Cha silikoni (aina ya mpira laini) iliyo salama kwa vyombo vya chakula kinafaa, kiwe kipande kimoja kisichochomoka, na kamba yake ya shingoni iwe na kifungo kinachoachia ikivutwa, asije akanyongwa. Kikaguliwe kila asubuhi: kikiwa na ufa kitupwe, maana kikimeguka kitamkaba. Kioshwe kwa sabuni na maji moto, na kila mtoto awe na chake. Kisipopatikana, kitambaa safi cha pamba kilichofungwa kwenye kifundo cha mkono kinasaidia, mradi kibadilishwe kikilowa, la sivyo ngozi itachubuka. Hata uji mzito kidogo unaonyonywa kwa mrija mnene huipa midomo na taya kazi. Muhogo mbichi, ingawa ndio ulio karibu, hatuushauri: una sumu ya sianidi. Karanga nzima nazo wadogo wasipewe.

Wapo wengine ambao midomo yao huhisi kupita kiasi. Hao ndio wanaotapika makande na kuambiwa wanadeka. Kijiko kimoja cha makande kina ganda la haragwe, punje ngumu na mchuzi, na ulimi haujui kipi kinafuata. Mpishi amtengee maharage peke yake na mahindi peke yake. Uji uchujwe mabonge. Chakula kigeni kiwekwe kidogo kando ya kile anachokikubali, pengine mara 10 hadi 15 kabla hajakionja. Kumbana pua na kumlisha kwa nguvu ni hatari: chakula kinaweza kuingia mapafuni, na kesho yake atakataa hata wali aliouzoea.

Anayekula udongo au rangi ya ukuta asichapwe, apelekwe akapimwe damu. Upungufu wa madini ya chuma mara nyingi huambatana na tabia hiyo, na rangi za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu.

Ndugu Ofisa, kwenye kikao cha wadau uliahidi mwongozo wa ukurasa mmoja kwa walimu wakuu. Hatujauona. Sheria ya Mtoto ya 2009 ipo, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 ipo, lakini mwalimu aliyeelemewa na darasa lililofurika, na tunadhani hicho ndicho chanzo cha kisa cha pilipili, hana mahali pa kusoma afanye nini. Hatuombi jengo. Tunaomba waraka. Useme mtoto haadhibiwi kwa kutafuna wala halishwi kwa nguvu, na utoke wiki hii, kwa sababu mtoto yule bado yumo katika darasa lile lile.

Wako katika kuwahudumia watoto,
Walimu wa elimu maalumu na wahudumu wa utengamao, Tanga