Waifai imejaa, intaneti haipo: tuulize laini imekatikia stesheni gani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua za wasomaji ili nizungumzie maneno ambayo siku hizi yanasomwa karibu katika kila nyumba yenye ruta hapa Tabora: "Imeunganishwa, hakuna intaneti." Maneno hayo yamewatoa watu fedha na kuwagombanisha na mafundi, na hivi karibuni yaliifanya nyumba yangu ikae siku nne bila huduma, ingawa maneno yenyewe hayakuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa letu sisi tulioyasoma bila kuyaelewa, na la wale waliotuuzia huduma bila kutueleza.

Mjukuu wangu wa kike, anayesubiri kujiunga na chuo, alikitoa kabatini kishikwambi chake cha zamani kilicholala miezi kadhaa bila chaji, akakichaji, akakiunganisha na waifai ya nyumbani, na alama ya mawimbi ikajaa hadi juu. Kurasa hazikufunguka, na kishikwambi kikaandika maneno yale: "Imeunganishwa, hakuna intaneti." Siku hiyo mimi nilikuwa shambani Urambo, na waliobaki nyumbani walikuwa wakitumia bando za laini zao za simu kama walivyozoea, kwa hiyo hakuna aliyejua kama ruta ilikuwa nzima au mbovu. Walipopiga simu huduma kwa wateja ya kampuni inayotuletea intaneti ya faiba, ambayo sitaitaja, waliambiwa waizime ruta na kuiwasha. Wakazima na kuwasha mara tatu. Ndipo jirani akawaletea kijana fundi wa simu, naye bila kuuliza swali hata moja akaomba pini ya hijabu ya mjukuu wangu, akaichomeka kwenye kitundu kilichoko nyuma ya ruta, akaishikilia hapo mpaka taa zote zikazimika na kuanza kuwaka upya. Akalipwa shilingi 15,000, akaenda zake.

Tangu dakika ile nyumba nzima ikawa haina intaneti kwelikweli. Kitundu kile hakiwashi ruta upya. Kinaifuta kila ilichofundishwa na kuirudisha ilivyotoka kiwandani, pamoja na kufuta jina la akaunti na neno la siri ambavyo ruta yetu huvitumia kujitambulisha kwa kampuni kabla ya kuruhusiwa kupita. Siku waliyotufungia mtambo hawakutuachia jina hilo wala neno hilo kwa maandishi. Tulisubiri siku nne mpaka mtu wa kampuni alipofika na kuyaingiza upya, kazi iliyomchukua muda mfupi kuliko aliotumia kuvua na kuvaa viatu mlangoni. Alipoondoka, simu yangu ilifunguka na kompyuta ikafunguka, lakini kishikwambi kiliendelea kusema yaleyale. Nikakaa nacho barazani, nikavaa miwani, na kwa mara ya kwanza tangu mkasa uanze mtu mmoja akaitazama kalenda yake. Ilisoma tarehe 1 Januari 2015. Nikairekebisha, na kabla chai haijapoa kurasa zilikuwa zinafunguka.

Sababu yake si uchawi. Tovuti nyingi za leo, kabla ya kuzungumza na kifaa chako, hutoa cheti cha utambulisho chenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha, na kifaa ambacho kalenda yake imerudi 2015 kinakiona cheti hicho kuwa ni cha siku ambazo bado hazijafika, kwa hiyo kinakikataa kama karani anavyomkatalia abiria mwenye tiketi ya safari ya wiki ijayo. Betri ilikuwa imekufa kabisa, saa ikapotea, na ile sehemu ya mipangilio inayokiruhusu kifaa kujirekebishia saa chenyewe ilikuwa imezimwa. Waifai haikuhusika hata kidogo.

Nimefanya kazi reli kwa miaka mingi, karani wa stesheni katika njia ya Tabora hadi Kigoma, zama za simu za kuzungusha mkono. Simu ilipokufa, hakuna aliyeng'oa chombo ukutani kwa sababu tu Kigoma hajibu. Uliita kwanza stesheni ya jirani. Usoke akijibu, ulijua kwamba chombo chako na waya wa mpaka pale ni salama. Ukamwita Urambo, kisha Kaliua, na Kaliua akijibu huku Nguruka akiwa kimya, fundi wa waya alipanda kiberenge akatafute kati ya stesheni hizo mbili, wala hakugusa nguzo nyingine yoyote. Intaneti ya nyumbani nayo ni laini yenye stesheni zake, na ninashangaa kwamba watu wenye vyombo vya kisasa kuliko vyetu wanatafuta hitilafu kwa kupigapiga kila kitu kwa pamoja.

Stesheni ya karibu kuliko zote ni kifaa chenyewe, na swali la kwanza, ambalo nyumbani kwangu halikuulizwa na yeyote, ni kama tatizo liko kwenye kifaa kimoja au vyote. Chukua simu nyingine, zima data ya laini yake ili isikudanganye kwa bando lake, kisha iunganishe na waifai ileile. Ikifanya kazi, iache ruta ipumzike, ukatafute kosa kwenye kile kifaa kimoja: tarehe, au programu ya VPN, ile inayoyapitisha mawasiliano yako kwenye seva ya mbali, iliyosahauliwa ikiwa imewashwa, au ile sehemu ya DNS ya faragha (DNS ni daftari linalogeuza majina ya tovuti kuwa namba) iliyokuja na Android 9 mwaka 2018, ambayo vijana hupenda kuijaza ili kuzuia matangazo, na ambayo huikatia simu mawasiliano siku seva waliyoiandika inapokoma kujibu.

Vikishindwa vyote, ndipo tunasogea hadi kwenye ruta. Hapa nataka wasomaji wanisikilize vizuri, maana ndipo wengi tunapopotea. Alama ya mawimbi iliyojaa inapima nguvu ya mawimbi ya ruta pale ulipo, basi. Haisemi chochote kuhusu kinachotokea baada ya ruta, kama vile kufika kwako stesheni ya Tabora na tiketi mkononi kusivyothibitisha kwamba kuna treni ya kwenda Mwanza leo. Mtu anayeihamisha ruta ya faiba kutoka sebuleni kwenda dirishani ili "ishike intaneti" anajisumbua, tofauti na mwenye ruta ya laini ya simu, ambaye dirisha linaweza kweli kumsaidia, kwa kuwa ruta yake inatafuta mnara ulioko nje na bati zetu na kuta za tofali za kuchoma huyapunguza mawimbi hayo.

Ili kujua kama ruta inakusikia, fungua maelezo ya waifai kwenye kifaa chako usome namba kilichopewa. Mara nyingi utakuta inaanza na 192.168 au na 10. Ukikuta inaanza na 169.254, maana yake kifaa kiliomba namba kwa ruta, kikasubiri, hakikupewa, kikaamua kujipa chenyewe. Hapo ndipo ushauri wa kuzima na kuwasha unapokuwa na maana. Namba ikiwa sawa, andika kwenye kivinjari ile anwani iliyobandikwa chini ya ruta, ambayo katika ruta nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Ukurasa wa ruta ukifunguka, Usoke amejibu, na hitilafu iko mbele.

Mbele ya ruta kuna kampuni, na hapo taa zinasema kuliko mtu wa huduma kwa wateja. Kwenye mitambo ya faiba kuna taa iliyoandikwa LOS. Ikiwaka nyekundu, mwanga unaosafiri ndani ya ule uzi wa kioo haufiki nyumbani kwako: umekatwa na wachimba mitaro, au umetafunwa na panya, au umekunjwa sana nyuma ya kabati kwa sababu mtu alitaka sebule ipendeze. Hakuna kuzima na kuwasha kutakakouunganisha uzi uliokatika, na kwa hisani yenu msiuchomoe mkachungulia ncha yake, kwani mwanga ule macho hayauoni lakini unaweza kuyaumiza. Kama LOS imezima na taa ya PON imetulia kwa kijani, mwanga unafika, na cha kukagua kwanza ni akaunti: malipo ya mwezi yamekwisha, au hayajasomeka, au ruta imesahau jina lake kama yangu ilivyosahaulishwa kwa pini. Kwa wenye ruta za laini ya simu habari ni fupi zaidi, maana mara nyingi bando limekwisha na ruta haina namna ya kumwambia mtu.

Umeme nao una visa vyake. Ukikatika na kurudi, na hapa kwetu msimu wa radi hilo si jambo la kusimulia, mitambo huamka kwa zamu, na mtu anayeizima tena ruta kila baada ya dakika moja kwa kukosa subira anairudisha mwanzo wa safari kila mara. Ningeshauri dakika 5 za kukaa mbali nayo.

Ikiwa taa zote ni njema, iite stesheni ya mbali. Kwenye kompyuta, fungua dirisha la amri uandike ping 8.8.8.8, ambayo ni namba ya seva ya Google. Ikijibu huku kurasa bado hazifunguki, laini ni nzima na kilichokufa ni DNS, yaani lile daftari linalogeuza majina ya tovuti kuwa namba. Ni sawa na siku ambayo waya ulikuwa salama lakini mtu wa kuunganisha simu kule mjini ameondoka kwenda kula. Unaweza kuandika 8.8.8.8 au 1.1.1.1 kwenye mipangilio badala ya daftari la kampuni, na mambo yakaendelea. Isipojibu, fungua pazia, keti, upige simu kwa kampuni ukiwa na hoja mkononi.

Na wakati mwingine hitilafu iko mbali kuliko mikono ya yeyote hapa nchini. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za chini ya Bahari ya Hindi, EASSy na Seacom, ziliharibika katika eneo la kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ikazorota katika nchi kadhaa za ukanda huu, Tanzania ikiwemo. Nawafahamu watu mtaani kwetu waliozizima na kuziwasha ruta zao siku hiyo tangu asubuhi hadi magharibi.

Hata yale maneno ya kwenye simu yana asili yake, na si tusi. Simu za Android, zinapounganishwa, hutuma ombi dogo kwa seva ya Google na kutarajia jibu tupu lenye namba 204, na kompyuta za Windows huomba ukurasa wenye maneno mafupi ya majaribio. Jibu lisiporudi, kifaa kinakuarifu kwamba kimeita na hakikuitikiwa. Hakijui ni nani aliyenyamaza njiani.

Ndugu Mhariri, ninachowaomba wenye kampuni za intaneti ni kidogo. Fundi anapomfungia mteja mtambo, amwachie karatasi moja ya Kiswahili yenye maana ya kila taa, jina la akaunti na neno lake la siri, na onyo la herufi kubwa kwamba kitundu cha nyuma kisiguswe bila kuambiwa na kampuni. Wapokea simu wao nao, kabla ya kutamka "zima uwashe", waulize maswali mawili tu: ni kifaa kimoja au vyote, na taa ya LOS ina rangi gani. Maswali hayo yangechukua nusu dakika, na yangeniokolea shilingi 15,000 na siku nne, na yangemwokolea fundi wao safari ya kuja kwangu. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, yaani TCRA, ambayo ndiyo hutoa leseni, ingeweza kuifanya karatasi hiyo kuwa sharti la kila anayemfungia mteja huduma ya nyumbani, na sidhani kama kuna kampuni ingefilisika kwa gharama ya kuichapa.

Wakati tukisubiri, karatasi yangu nimeiandika mwenyewe kwa kalamu ya wino na kuibandika ukutani juu ya ruta. Yule kijana wa pini alipita wiki iliyopita kumwona jirani, akaisoma mpaka mwisho, akaipiga picha kwa simu yake. Zile elfu 15 hakuzigusia, nami sikumkumbusha.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mstaafu wa Reli,
Isevya, Tabora.