Tusimfundishe mtoto kulia na kushoto huku tumemkabili

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu kuhusu jambo ambalo wengi huliona dogo, nalo ni namna tunavyowafundisha watoto wa madarasa ya awali kutofautisha kulia na kushoto. Nimefundisha madarasa hayo hapa Tanga kwa muda mrefu, na malalamiko ninayoyasikia kwa wazazi na walimu wenzangu ni yale yale: mtoto ameimbishwa, ameonyeshwa, amerudiwa, na bado akiambiwa anyooshe mkono wa kulia huchungulia kwanza jirani yake amenyoosha upi. Kwa maoni yangu, tatizo mara nyingi halitokani na mtoto, bali na mahali anaposimama mwalimu.

Tazama somo lenyewe linavyokwenda. Mwalimu husimama mbele ya ubao akiwakabili watoto, huinua mkono wake wa kulia na kusema kwa sauti, "Kulia!" Mtoto wa miaka mitano hufuata anachokiona kabla ya anachokisikia, kwa hiyo huinua mkono ulio upande ule ule wa madirisha ambako mkono wa mwalimu umeinuka, yaani mkono wake wa kushoto, huku akiitikia "kulia" kwa furaha. Akiachwa hivyo, amejifunza kinyume. Akikemewa, anabaki haelewi amekosa nini, kwa kuwa amefanya kile kile alichofanya mwalimu. Dawa yake ni nyepesi: mwalimu ageuke, aelekee ubaoni kama watoto wanavyoelekea, ainue mkono wake juu ya kichwa waufuate. Najua kwamba wapo wanaoona si adabu kulipa darasa mgongo, tena darasa la awali ukiligeuzia kisogo kwa dakika moja tu, penseli zimeshaanza kuruka. Basi anayependelea kuwatazama ainue mkono wake wa kushoto kila anapotamka kulia, na afanye hivyo siku zote bila kubadilisha.

Hili si wazo langu peke yangu. Mwanasaikolojia wa Uswisi, Jean Piaget, alikwisha kueleza tangu miaka ya 1920 kwamba ujuzi huu haumjii mtoto wote kwa mkupuo. Kwanza hutambua kulia na kushoto kwa mwili wake mwenyewe, kwa kawaida kati ya miaka mitano na minane. Kutambua mkono wa kulia wa mtu anayemkabili huja baadaye, mnamo miaka minane na kuendelea, kwa kuwa hapo humbidi ajihamishe kwa mawazo na kusimama mahali pa yule mwingine. Kuelewa kwamba kikombe kilichowekwa katikati ya sahani na kijiko kiko kulia kwa kimoja na kushoto kwa kingine huchelewa zaidi, hadi karibu na miaka kumi na mmoja. Watoto hawalingani, na wapo wanaowahi, lakini mpangilio wenyewe unatosha kutuonyesha kwamba tunapomkabili mtoto wa awali na kutaka atuige, tunamdai leo ujuzi wa miaka mitatu ijayo.

Inafaa pia kuanza na upande mmoja tu. Mtoto akisikia majina mawili kwa pamoja, yote mawili hubaki yakielea. Mimi huanza na kulia peke yake kwa majuma kadhaa, mpaka mtoto aweze kuinua mkono huo akiwa amesimama, ameketi, amelala kifudifudi mkekani au amegeuzwa kuelekea mlangoni, ndipo hutaja kushoto, ambako wakati huo hakuhitaji maelezo mengi. Wapo wanaomfunga mtoto uzi au ushanga kwenye kifundo cha mkono wa kulia, na njia hiyo inasaidia sana mradi uzi usihamishwe. Ule ujanja wa kutandaza vidole ili mkono wa kushoto ufanye umbo la herufi L haufai kwa watoto wa umri huu, kwani unamtaka mtoto ajue kwanza L inaelekea wapi, na hilo ndilo lile lile asilolijua. Kwa sababu hiyo hiyo tusishangae mwanafunzi wa darasa la kwanza anapoandika d mahali pa b. Aelekezwe kwa upole, asiitwe mjinga.

Nyumbani kwetu pwani kazi kubwa imekwisha kufanywa na malezi. Mtoto hufundishwa kula kwa mkono wa kulia, kupokea na kumpa mkubwa kitu kwa mkono huo, kuingia msikitini kwa mguu wa kulia na kutoka kwa wa kushoto, na chooni kinyume chake. Mazoea haya yameshaingia mwilini kabla mtoto hajafika shuleni, na mwalimu mwenye busara huanzia hapo. Badala ya kusema, "Kulia ni mkono unaoandikia," aseme, "Kulia ni mkono unaolia wali." Tofauti hiyo ina uzito, kwa maana takriban mtu mmoja katika kila kumi hutumia mkono wa kushoto, na wengi wa watoto hao kwetu hula kwa kulia kama walivyofunzwa lakini huandika kwa kushoto. Ukimwambia mtoto wa namna hiyo kwamba kulia ni mkono wa kuandikia, umempoteza kabisa. Hapa niongeze kwamba kumpiga kiboko mtoto anayeandika kwa kushoto hakumfundishi kutofautisha pande. Kunamfundisha kuogopa kalamu.

Ninalolihofia zaidi ni barabara. Watoto wetu huimbishwa kwamba kabla ya kuvuka watazame kulia, kushoto, kisha kulia tena. Mpangilio huo ni sahihi kwa Tanzania, Kenya na Uganda, ambako magari hupita upande wa kushoto wa barabara na lililo karibu zaidi na mtoto anayeanza kuvuka hutokea kulia kwake. Mtoto wa Kigali au Bujumbura, ambako magari hupita kulia, hana budi kuanza na kushoto. Lakini simama kwenye alama za pundamilia saa sita mchana, madarasa ya chini yanapotoka, uwatazame shingo zao. Utawaona wanaotamka "kulia" huku kichwa kimeelekea kushoto, na wengine wanaoyatamka yote matatu wakiwa wamekodoa macho mbele kwa muuza barafu aliye ng'ambo. Maneno wanayo, barabara hawajaiona.

Kwa hiyo wimbo huo ufundishwe kando ya barabara yenyewe, mwalimu akiwa amesimama safu moja na watoto, wote wameelekea upande mmoja, na kila neno liambatane na kitu cha kutaja: kulia kuna nini, kushoto kunakuja nini. Mtoto akijibu, "Kuna bajaji ya njano," unajua kwamba ametazama kweli. Wala tusiuamini wimbo peke yake, maana bodaboda hutokea upande wowote, zikiwamo zile zinazopita kinyume cha utaratibu, na kwa wanaoishi Dar es Salaam kando ya njia za mwendokasi, mabasi hupita katikati ya barabara, hivyo mtoto aliyekwisha kuvuka nusu huwa na barabara nyingine ya kutazama upya. Mtoto aliye chini ya miaka minane ashikwe mkono hata kama anajua kulia kwake vizuri. Na mahali pasipo na njia ya waenda kwa miguu, watoto wafundishwe kutembea upande wa kulia ili wayaone magari yanayowajia.

Kuhusu gwaride na mchakamchaka sina mengi. "Kushoto, kulia, kushoto, kulia" ni mazoezi mazuri ya miguu na ya mapafu, ila mwalimu husikiliza kishindo wala hatazami miguu, na mtoto aliyeanza na mguu usiostahili anaweza kuzunguka uwanja mzima bila mtu kugundua. Kile kipimo cha zamani cha kuandikishwa shule, cha kupitisha mkono juu ya kichwa na kugusa sikio la upande wa pili, kilikusudiwa kukisia umri, lakini nimekigeuza kuwa mchezo: mkono wa kulia ushike sikio la kushoto, kisha goti la kushoto, kisha bega la kushoto. Hapo mtoto hulazimika kufikiri pande zote mbili, nami huona mara moja nani amekwama.

Jambo la mwisho ninalielekeza kwa wanaotunga mitihani na vitabu vya mazoezi vya awali, hasa vile vinavyouzwa na wachapishaji binafsi. Nimeona karatasi yenye picha ya msichana anayemtazama msomaji, ameshika ua katika mkono mmoja na kikapu katika mwingine, na chini yake swali, "Ameshika nini katika mkono wa kulia?" Watoto wengi walijibu kwa upande wa karatasi, wakawekewa mkasi. Nilipoipeleka karatasi hiyo ofisini kwa walimu, wawili kati yetu ilibidi wageuze viti kwanza ndipo wajibu. Msichana huyo achorwe kwa nyuma, kama mtu anayetembea mbele ya mtoto anayesoma, na swali litakuwa la haki kwa umri wao. Picha za kumkabili zisubiri darasa la tatu. Marekebisho hayo yanaweza kufanywa katika uchapaji ujao, bila kungoja mtaala mpya.

Wako,
Mwalimu wa darasa la awali,
Tanga.